Waliokunjwa Nyuma ya Fremu

Alikuwa ameshashuka ngazi mbili za mlango wa hoteli, picha begani, kona ya chini ikigonga kila ngazi, mpambaji alipomfikia mbio na tepu yake ya kupimia mkononi.

"Mama, unakwenda wapi na picha ya watu?"

"Naitoa nje kwenye mwanga. Humo ndani mna giza, na si la taa."

Mtaa mzima unamwita Mama Koleo, maana koleo halimtoki mfukoni. Ametengeneza fremu miaka thelathini, na hajawahi kushusha picha aliyoitundika mwenyewe. Leo ameshusha, na damu inamchemka.

Picha yenyewe ni nakala kubwa ya mchoro wa zamani, ule wa siku ya kufunguliwa daraja. Katikati yupo gavana na mkasi wake, anakata utepe. Mabibi wamefungua miavuli. Farasi wamevishwa mashada. Upande wa kushoto, theluthi nzima ya mchoro, wamesimama waliobeba mawe. Wa tatu ni babu yake, karai kichwani, mkono umefungwa kitambaa. Mchoraji alimsimamisha juani siku mbili asitikisike, na babu alilisimulia jambo hilo mpaka siku anakata roho.

Kwa hiyo mwenye hoteli alipoagiza nakala ya kupamba mapokezi, Mama Koleo alimwambia kaka yake: fua koti, Jumamosi nakupeleka ukamwone babu kwenye ukuta wa hoteli kubwa. Kaka ana miaka themanini na macho yanamwaga machozi. Tangu asubuhi amekaa karakanani kwa dada yake, koti limefungwa vifungo vyote.

Kosa lilikuwa hivi. Kitambaa cha picha huwambwa kifudifudi: unakilaza uso chini mezani, unapanga mbao juu yake, unakunja kingo, unapiga pini. Mpambaji alikileta kimeviringishwa, mgongoni kikiwa na mstari wa penseli, na Mama Koleo akaufuata. Aliona sehemu ya kukunja ni kubwa mno, akasema moyoni, wachapaji wa siku hizi nao kwa kupoteza kitambaa! Akakunja, akapiga pini, kazi safi. Ikafungwa karatasi hapo hapo, ikabebwa. Karatasi ilipovuliwa ukutani ndipo alipoona: gavana yupo, farasi wapo, babu hayupo. Kamkunja kwa mikono yake mwenyewe.

"Ukuta ni mita mbili, mama," mpambaji alisema akihema. "Mita tatu haziingii."

"Ule wa kwenye ngazi ni mita nne. Nimeupima."

"Pale kuna saa."

"Saa ihame! Ina miguu miwili, tena inatembea siku nzima."

Mpambaji akashusha sauti. "Tusidanganyane, mama. Wale watu wana vidonda. Mgeni anywe kahawa anatazamana na vidonda?"

"Na hilo daraja alilopita kuja kunywa kahawa, lilijengwa na mkasi?"

Wapita njia wakaanza kusimama. Mwenye hoteli akatoka, tai imekwenda upande.

"Kuna nini? Mama, hiyo picha ni yangu."

"Yako, bosi. Nani kakataa?"

Akailaza kifudifudi juu ya ngazi, akatoa koleo, akang'oa pini moja baada ya nyingine, taratibu, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Ya mwisho ilipotoka akakigeuza kitambaa, akakitandaza chote. Wabeba mawe wakaona jua.

"Haya, watazame. Yule wa tatu ni babu yangu. Niambie mimi, hapa hapa, kwamba anaharibu makochi yako."

Mwenye hoteli alitazama, tena alitazama kweli, kama nusu dakika. Kisha akamgeukia mpambaji.

"Wakunje."

"Kitambaa chako," Mama Koleo alisema. "Mbao zangu." Akazibeba tupu, akaondoka nazo.

Mpambaji alipata fundi mwingine, na picha ilitundikwa wiki ile ile, mita mbili. Ipo mpaka leo. Saa haikuhama. Mwenye hoteli ameongeza ghorofa. Kaka alifungua vifungo, akalitundika koti msumarini. Alifariki mwaka uliofuata. Zile mbao zimeshika kioo cha kinyozi wa jirani. Mama Koleo bado anafanya kazi, ila sasa hakilazi kitambaa mpaka akitazame uso kwa uso, kona hadi kona, na mwenye haraka atasubiri.