Maneno ya Mwavuli

Kama kulikuwa na kitu kilichomchosha Bi Pasi kuliko mashuka ya hospitali, basi ni yale maandishi meupe yaliyokuwa yakipita chini ya televisheni. Yalikuja, yakakaa kidogo kama mgeni aliyekataa hata chai, yakaondoka. Yeye bado alikuwa kwenye neno la pili.

Jina la Bi Pasi alipewa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka na magauni ya wagonjwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Lakini tamthilia za Kikorea zilimjia kwa njia ya goti. Goti lilivimba, daktari akamkataza kusimama, na mwanawe wa pekee, fundi umeme wa kiwanda katika mji mwingine, akamleta mkewe aje kumwangalia mama. Walikuwa ndio kwanza wameoana. "Ni kwa muda kidogo tu," alisema, "mpaka mguu upone." Mkwe akaja na begi moja la nguo, na flashi iliyojaa tamthilia.

Mguu ulipona. Bi Pasi akarudi kazini. Ila hakuna aliyesema kwamba umepona. Mkwe aliendelea kupika na kufua, mume wake aliendelea kupiga simu kila Jumapili, na Bi Pasi aliendelea kuchechemea kidogo kila alipofika mlangoni kwake. Si kwa ujanja, alijiambia. Ni mazoea.

Walianza na tamthilia ya Kijapani, ya watu wapole kupita kiasi. Mpaka kijana alipomshika msichana mkono, Bi Pasi alikuwa amekwisha kukata tamaa na nyanya zilikuwa zimeungua jikoni. Ndipo wakaingia kwenye hii ya Kikorea, ambayo ilimteka mzima mzima. Majina ya wahusika hayakushikika ulimini, wakawabatiza upya. Binti waliyemwona kwanza akikimbia kwenye mvua na mwavuli mkononi wakamwita Mwavuli. Kijana mwenye miguu kama ngazi wakamwita Mrefu. Mama yake Mrefu, mzee tajiri wa kiti cha magurudumu ambaye tabasamu kwake lilikuwa dhambi, wakamwita Lulu kwa ajili ya mkufu wake.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Bi Pasi hakukijua. Mkwe, aliyemaliza sekondari, alikijua. Kwa hiyo baada ya chakula cha jioni mkwe alisoma na kumsimulia. Na hapo ndipo presha ya Bi Pasi ilipopanda.

"Amesema nini huyu?"

"Amekasirika, mama."

"Hilo naliona, amevunja kikombe! Nauliza amesema nini."

"Amesema… amekasirika sana."

Mtu anaongea dakika nzima, mishipa ya shingo imemtoka, halafu unaambiwa amekasirika! Lakini ajabu nyingine ilikuwa ya upande wa pili. Mwavuli akifungua kinywa kidogo tu, akatoa neno moja mbele ya Lulu, mkwe alikuwa na hotuba.

"Anasema, mama, mimi nakuheshimu na nitakuheshimu siku zote, lakini nimemkumbuka mume wangu. Mguu wako sasa una nafuu. Naomba ruhusa yako nimfuate huko anakofanya kazi."

"Yote hayo kwa neno moja?"

"Kikorea ni kizito, mama."

Kwa maelezo ya mkwe, Mwavuli alikuwa mke wa Mrefu, ameachwa amtunze mama mkwe mgonjwa, na Mrefu anafanya kazi mbali, anakuja mara mojamoja. Bi Pasi aliuliza mbona akija hata hamkumbatii mkewe. Akajibiwa kwamba wanaona haya mbele ya mama. Hilo lilimfurahisha. "Hiyo ndiyo adabu," alisema. Na kuhusu ombi la Mwavuli hakuwa na shaka hata kidogo. "Atulie hapo! Amwachie nani mzee wa watu? Mume si jua, kwamba usipoliota utakufa baridi. Atarudi tu."

Mkwe akachukua vyombo kwenda kuviosha.

Ombi hilo lilirudi kesho yake. Likarudi tena wiki iliyofuata. Binti wa watu alikuwa king'ang'anizi, na Bi Pasi, ambaye hakulala bila kupiga magoti, ingawa goti moja lililalamika, akaanza kumtia Mwavuli katika sala zake. Aliona aibu kidogo kumwombea mtu wa kwenye televisheni. Lakini Mungu aliyeumba Wakorea ndiye aliyemuumba yeye, akaona hakuna ubaya. "Bwana, mkumbuke yule binti wa mwavuli. Mpe moyo wa kuvumilia. Akae na yule mama."

Lakini kuombea jambo unalosimuliwa nusunusu kulimsumbua. Kanisani kwao palikuwa na darasa la Kiingereza jioni, ukumbini, kwa watu wazima. Akajiandikisha.

"Mama, unajichosha bure," mkwe alisema, huku akikata mboga haraka kuliko kawaida. "Mimi si nipo?"

"Upo, lakini unanipa supu bila nyama. Nataka nisome mwenyewe."

Mwalimu alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, na alikuwa na subira ya malaika. Walianza na salamu, wakaenda viungo vya mwili na dawa, vitu vya nyumba, siku za kazi na za mapumziko, wakaingia jikoni: sufuria, kijiko, moto, baridi, supu. Bi Pasi aliyarudia akikunja mashuka, midomo ikicheza, mpaka wenzake wakadhani anasali. Na kweli mara nyingine alichanganya, akajikuta anamwambia Mungu sufuria. Lakini jioni, mbele ya televisheni, elimu yote ilimkimbia. Alikamata neno moja, akalishangilia, na alipoinua macho Mwavuli alikuwa ameshahama chumba na amebadili nguo. "Ee Mungu," alinong'ona akiuma meno, "umenipa macho, nipe na mbio."

Sasa, katika chumba cha kufulia alikuwepo mama mmoja wa mashine za kukaushia, aliyeitwa Kasuku kwa sababu siri kwake ilikaa kama maji kwenye pakacha. Ijumaa moja Kasuku alikuja akihema kwa habari. Kwa dada yake nao walikuwa wanaangalia tamthilia hiyohiyo, ila yao ilitiwa sauti ya Kiswahili.

"Mwavuli wenu huyo," alisema, "namhurumia. Ana kazi na yule bibi!"

"Kazi gani?" Bi Pasi akaweka pasi kando. "Mtu akimtunza mama wa mumewe ni kazi?"

"Mume gani?"

"Mrefu."

Kasuku alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Bi Pasi. Yule ni nesi. Nesi wa kulipwa! Hata busu la kwanza bado, sisi wenyewe tunalisubiri roho juu."

"Usinifundishe. Mimi nasomewa neno kwa neno."

"Na nani, mganga? Jamani, njooni msikie! Bi Pasi amemwozesha mtoto wa watu, na hata keki hatukula!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Aliyekuwa na shuka mkononi alijifunika nalo kichwa kama bibi harusi, akatembea polepole kati ya mashine. Bi Pasi alikula kiapo kwamba Kasuku ndiye haelewi, akapiga pasi siku nzima bila kumtazama mtu, na gauni moja la mgonjwa likapata alama ya kahawia ambayo haikutoka.

Alirudi nyumbani akitaka kuuliza. Lakini mkwe alikuwa amemchemshia maji, amemwekea kiti chake karibu na dirisha. Akaamua hatamuuliza mtu. Ataona mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, mkwe alikwenda sokoni. Bi Pasi akafunga mlango, akachukua rimoti, akarudi kwenye kipande anachokijua vizuri: Lulu mezani, Mwavuli amesimama ameshika mikono mbele, anasema maneno mawili matatu, Lulu anageuza uso. Hapo ndipo mkwe alipotoa hotuba yake ndefu kuliko zote, mpaka Bi Pasi mwenyewe alifuta machozi, ingawa hakubadili hukumu.

Alibonyeza. Picha ikasimama, Mwavuli mdomo wazi. Herufi nazo zikasimama. Mbona hakulifikiria hili siku zote? Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, kama anavyofanya na Zaburi. Neno moja hakulijua. La pili alilijua. La tatu alilijua mno, lilikuwa la jikoni. Akarudia toka mwanzo, akarudia tena, na kila mara jibu likawa lilelile.

*Supu yako imepoa. Nitaipasha moto.*

Hakuna mume hapo. Hakuna ruhusa. Hakuna mguu wenye nafuu. Akaenda kwenye kipande kingine, na kingine. Dawa. Dirisha. Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Kasuku alikuwa sahihi, na hilo peke yake lingetosha kumharibia Jumapili. Lakini alipokuwa akikaa chini akainua mguu wake kuuweka juu ya kigoda, akauona. Mguu mzima, usio na uvimbe, umevaa soksi safi iliyofuliwa na mtu.

Mkwe alipoingia na kikapu alikuta televisheni imesimama na mama mkwe wake amesimama.

"Supu yako imepoa," Bi Pasi akasema.

"Nini, mama?"

"Ndicho anachosema! Supu! Mimi nimelia hapa, nimetoa machozi, kwa ajili ya supu!"

Mkwe aliweka kikapu chini taratibu. Kitunguu kimoja kikaanguka, kikabingirika chini ya meza; hakuna aliyekifuata.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe lipi? La kunidanganya, au la kunifanya kichekesho kazini? Kwa hiyo mwezi mzima tumegombana mimi na wewe, na mimi sina habari? Mficha uchi hazai, mwanangu. Si ungesema!"

"Nilisema, mama." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Nilisema kila siku baada ya chakula. Na kila siku ulinijibu."

Bi Pasi alifungua kinywa. Akakumbuka majibu yake, yote, na jinsi alivyoyatoa kwa raha huku akitafuna. Atulie hapo. Mume si jua.

"Na mume wako? Naye hana mdomo?"

"Anasema hawezi kumwambia mama yake kwamba amepona. Anasema mama ndiye atakayesema."

Hasira ikamzidi. Akaingia chumbani, akapiga magoti, lakini sala haikutaka kuja. Ilikuja lawama. Bwana, nilikuomba nielewe. Umenielewesha, sasa elimu hii niipeleke wapi? Kisha akakumbuka jambo lililomchoma zaidi. Alikuwa ameomba. Usiku baada ya usiku, kwa moyo safi, alikuwa amemwomba Mungu amzuie mtoto huyu asiende kwa mumewe. Na kila asubuhi alipoamka akamkuta jikoni, alikuwa amekwisha kujibiwa.

Alikaa pale sakafuni mpaka goti likauma kweli. Aliyaona yatakayokuja bila kusomewa: atarudi kutoka kazini, atatafuta ufunguo kwenye pochi, atawasha taa mwenyewe, na televisheni itasema peke yake lugha asiyoijua. Hakutaka. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba hataki, na kwamba asidhani anafanya hivi kwa furaha.

Alipotoka mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono mbele, vilevile kama yule wa kwenye kioo.

"Simu yangu iko wapi?"

"Mama, tafadhali, usimgombeze. Kosa ni langu."

"Nimekuuliza simu."

Simu ililia upande wa pili mara nyingi. Mwanawe akapokea, akasikika akivuta pumzi kama mtu aliyeitwa na bosi.

"Mama! Shikamoo. Kuna nini? Mguu?"

"Marahaba. Achana na mguu. Una chumba huko, au huna?"

"Chumba? Ninacho, mama, ila ni kidogo, na dirisha lake…"

"Sikukuuliza dirisha. Kitanda kinatosha watu wawili?"

Kwenye kiti, mkwe alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kinatosha, mama."

"Basi Jumamosi uje umchukue mkeo. Na uje mwenyewe, usimtume mtu." Sauti ilitaka kumgeuka, akaishika. "Mguu wangu umepona. Ulipona zamani. Haya, nimesema mimi, si ndivyo mlivyokuwa mnasubiri? Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Mama, ahsan…"

Akakata. Hakuwa na nafasi ya shukrani za mtu. Hasira yake ilikuwa bado haijaisha, na alitaka aimalize kwa utulivu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaweka miguu yote miwili sakafuni.

Mkwe alikuja akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake, akataka kusema. Safari hii hakupata neno hata moja.

"Usinililie," Bi Pasi akasema. "Kapike. Na ukimaliza uje unionyeshe jinsi ya kurudisha hii kitu mpaka mwanzo kabisa. Nitaanza upya, peke yangu, neno moja moja, hata ikinichukua mpaka nizeeke. Maana mpaka leo sijui hata huyu msichana anatafuta nini kwenye nyumba ya watu."