Muhogo wa Kubaki

Conceicao alikuwa akikata miti ya muhogo vipande vya kupanda, huku mumewe Adelino akitafuta stesheni redioni. Sauti ya kwanza ilisema vita na Mreno ng'ambo ya Ruvuma bado ni vikali. Akaipita. Nyingine ikasema ushindi umekaribia. Hapo akaongeza sauti.

"Umesikia, mama Graca? Mwaka huu tunarudi kwetu. Acha kupanda."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, nikaacha. Watoto wakala vya kuomba hapa ukimbizini Likombe."

"Safari hii ni kweli."

"Na jirani yetu Domingo je? Juzi kavuka mto pale Kilambo, karudi anasema kijiji chetu ni majivu."

"Domingo mwoga. Ndiyo maana hatumwiti tena kusikiliza redio."

"Mnaitana wenye neno moja tu. Haya, iambie hiyo redio itupikie."

Adelino alicheka, akaendelea kusikiliza. Conceicao akabeba vipande shambani, akapanda mpaka mgongo ukakataa. Aliporudi, redio ilikuwa bado inatangaza ushindi na mumewe amesinzia kando yake. Nusu ya shamba ilikuwa haijapandwa. Akavifunika vipande vilivyobaki kwa majani mabichi, visikauke kabla ya kesho.