Dumu la Sita

Nasiri hakuwa mtu wa kusahau. Mchora vibao huyu wa mtaa wa Rwezamenyo, aliyejifunza brashi kwa kuharibu mbao za watu, angeweza kukutajia kila mchoraji mwenye cheti aliyewahi kumcheka, siku aliyomcheka na shati alilovaa. Lakini wema nao aliushika vilevile, na mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Bi Raihana, fundi cherehani.

Asubuhi hiyo Habiyaremye, mwenye jengo, alifika na ndoo mbili za rangi ya krimu. Alitaka kuufuta mchoro wa ukutani, kando ya mlango wa Raihana: wanawake wakiteka maji bombani, kazi ya marehemu Salvator, rafiki yake Nasiri. Ulikuwa umebaki huo tu. Mwingine, wa mtaa wa Nyakabanda, ulifutwa miaka mitano nyuma, kwa sababu Nasiri alimwita mwenye ukuta mshamba mbele ya wateja wake. Kufika alasiri ukuta ulikuwa mweupe.

Na sasa ulimi ulikuwa umeshaanza kumwasha.

"Limeze hilo neno," Raihana alisema bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. "Nilikufundisha nini?"

Alimfundisha mengi. Mwaka mzima, kila baada ya swala ya alasiri, alimtundikia nguo na kumkataza kusema nzuri wala mbaya. Kwanza taja unachokiona. Kisha sema vitu vimepangwaje: mstari unalipeleka jicho wapi, rangi ipi inaita na ipi inanyamaza, wapi pameachwa patupu. Ndipo uulize kitu chenyewe kinasema nini. "Hukumu ni pasi, Nasiri. Hupigi pasi nguo ambayo hujashona." Maneno hayo wenye vyeti waliyafungia kwenye Kifaransa chao kama sukari kabatini. Yeye alimpa bure, kwa Kiswahili, pini zikiwa mdomoni.

Nasiri akameza. "Mzee, kabla hujapaka, niambie unaona nini."

"Naona uchafu."

"Hiyo hukumu. Unaona nini?"

Habiyaremye akacheka. "Ananipa mtihani kwenye ukuta wangu mwenyewe. Haya. Iko wanawake. Iko bomba, iko madumu."

"Wangapi?"

"Watano. Madumu..." Akahesabu kwa kidole, akarudia. "Sita. Sha, bwana, huyu rafiki yako hesabu ilimshinda. La sita la nani?"

Nasiri akasogea, akahesabu mwenyewe. Miaka yote hiyo aliupigania mchoro ule, na hata siku moja hakuwahi kuyahesabu madumu yake.

"Liko wapi hilo la sita?" Raihana aliuliza.

"Hapa mbele kabisa. Kubwa kuliko mengine, na foleni yote inapinda kulifuata." Habiyaremye akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. "Nyuma yake hakuna kitu. Iko nafasi tu. Ya mtu kusimama."

Akaweka ndoo chini.

"Kule Kibagabaga, utotoni, tuliacha madumu kwenye foleni tukaenda shule," alisema taratibu. "Ukirudi unakuta wamekusogezea. Wanaokujua, wasiokujua, wote wanakulindia zamu. Huyu wa sita hajafika bado. Wamemshikia."

Kwa mara ya kwanza Raihana akainua macho.

"Utapaka wewe," Habiyaremye alimwambia Nasiri, akimkabidhi brashi. "Pembeni tu. Ukigusa hao wanawake, nafuta wote."

Nasiri alipaka mpaka adhuhuri, ulimi nje kama mtoto anayejifunza herufi. Raihana alipotoka kumletea chai, alimkuta ameganda mbele ya lile dumu.

"Bi Raihana," alianza, "mimi siku ile nakuja kwako mara ya kwanza, hakuna mtu aliyekuwa amenishikia nafasi..."

"Ukingo wako umepinda, pale kushoto."

Akatazama. Ulikuwa umepinda kweli.

"Ahsante," alisema, akachovya brashi.