Kiboksi cha Juu ya Shawa

Bafu letu mkiingia wawili, mmoja lazima awe anaoga. Jumamosi ile tuliingia wawili na hakuna aliyekuwa anaoga: mimi juu ya stuli, bisibisi mkononi, na Baba mlangoni, amekalia ndoo aliyoipindua, magoti yakigusa fremu huku na huku. Kutoka humo nilikuwa na njia mbili tu, kumruka mzee wangu au kupita kwenye dirisha lenye ukubwa wa daftari.

"Redio," aliniita. Ndilo jina alilonipa tangu nilipoanza kusema nikagoma kunyamaza. "Umeme umezimwa?"

"Si umezima mwenyewe, Baba? Kofia yako hiyo hapo."

Hiyo ni sheria ya nyumba yetu. Baba alikuwa fundi umeme miaka thelathini na moja, na kila akifanya kazi huzima swichi kuu, iliyoko ukutani kwenye kikorido, kisha huitundikia kofia yake. Kofia ikiwa pale, hata kama simu yako imebakiza chaji ya kuaga tu, huwashi. Mama, Mungu amrehemu, aliwahi kupiga pasi nusu ya shati, nusu nyingine ikasubiri mpaka jioni.

Nilikuwa na muda mpaka Jumatatu. Barua ya chuo cha upimaji ardhi ilitaja tarehe ya kuripoti, Jumanne, kwa wino mzito, na chini yake: asiyeripoti siku hiyo, nafasi yake atapewa mwingine. Chuo chenyewe ni safari ya siku nzima. Begi nilishafunga. Kilichonishika miguu ni shawa ya umeme.

Tangu Baba apate kiharusi, mkono wake wa kulia hauinui ndoo, na maji ya baridi yanamkaza misuli mpaka anashindwa kufunga vifungo vya shati. Shawa ilipokufa, wiki tatu nyuma, nikawa shawa mimi. Kila asubuhi nachemsha, nabeba, nachanganya, napaza sauti: "Mheshimiwa, bafu liko tayari!" Sasa ningeondokaje? Kaka yangu anakaa mitaa minne kutoka kwetu, lakini ana mke, ana watoto, na visingizio kuwazidi hao watoto.

Na fundi wa nje haingii. "Sijafa bado," Baba alisema nilipothubutu kutaja. Kuitengeneza nako alikataa, eti koili ya kuchemshia maji imeungua, basi. Fundi wa miaka thelathini na moja akikwambia koili imeungua, utamdai cheti?

Ndipo nikanunua shawa mpya, nikaiweka mezani, nikamwambia nitaifunga mwenyewe, yeye asimamie. Aliliangalia lile boksi kama mgeni aliyekuja bila hodi.

"Haya," alisema sasa kutoka kwenye ndoo yake. "Kata nyaya pale chini, karibu na shawa yenyewe. Utaunga mpya hapo hapo."

"Nikate? Si wewe uliyenifundisha nisikate kitu kinachofunguka?"

"Leo nakwambia kata."

"Niunge waya bafuni, Baba? Ungekuta fundi mwenzio kafanya hivyo ungemtukana mpaka babu yake."

"Kata, mama. Usifungue kile kiboksi."

Kile kiboksi ni cha plastiki, kiko juu ya shawa, na ndani yake nyaya za ukutani zinakutana na nyaya za shawa kwenye konekta. Skrubu mbili tu. Na Baba haniiti "mama" ila akiwa mgonjwa au ana kosa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Skrubu za bafuni huwa zinashika kutu mpaka uzibembeleze. Hizi zilizunguka kama za jana. Nikatoa kifuniko. Waya wa ethi ulikuwa mahali pake. Nyutro mahali pake. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, ulikuwa umechomolewa kwenye konekta, umekunjwa pembeni kwa adabu zote, ncha yake imefungwa tepu nyeusi. Na mwisho wa ile tepu ulikuwa umekunjwa kijisikio, ili atakayekuja kuibandua asihangaike na kucha.

Nimeona kazi za mafundi wengi. Anayeacha kijisikio ni mmoja tu.

Barua ya chuo ilifika Jumanne. Shawa ilikufa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, mimi nikiwa sokoni. Nikamwona kichwani mwangu akipanda stuli hii hii yenye mguu mmoja mfupi, na ule mkono unaomwaga chai kabla haijafika mdomoni. Mkono huo ukishika bisibisi unatulia kama umelala, sijui kwa nini. Nilitaka kucheka. Nikataka pia kushuka nimtikise mabega, kwa sababu angeanguka, na mimi ndiye ningemkuta sakafuni na mfuko wangu wa nyanya. Sikufanya lolote. Ukuta mgongoni, ukuta kushoto, yeye mlangoni. Hata pumzi niliona kama tunagawana.

Kimya kikamshtua. Kwangu hajakizoea.

"Umeona nini?"

"Nyaya."

"Zikoje?"

Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo baba yangu mchana kweupe. Nisiposema, nitafunga shawa mpya, na Jumatatu kabla gari langu halijafika mbali atapanda tena juu ya stuli.

"Zimefungwa vizuri," nilisema. "Kazi safi sana."

Nilitoa shawa kuukuu, nikafunga mpya, nikakaza konekta moja moja na kuzivuta kuhakikisha hazichomoki. Kawaida angekuwa amenikosoa mara sita. Safari hii nilisikia ndoo tu ikilia chini yake kila alipohamisha uzito.

"Maji kwanza," alisema hatimaye. "Yajae ndani, ndiyo uwashe umeme."

Nikafungua bomba. Yeye, bila kuinuka, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kikorido, akatoa kofia, akawasha. Maji yakatoka baridi, yakasitasita, yakaanza kutoa mvuke.

"Ya moto?"

"Ya kunyonyolea kuku."

Akatikisa kichwa, macho sakafuni. "Hizi za siku hizi hazidumu. Wiki moja, mbili, utasikia imekufa."

Nikafunga maji, nikashuka, nikakaa palepale sakafuni palipolowa, uso kwa uso na yeye.

"Ikifa," nilimwambia, "sirudi. Nampigia yule fundi wa pale kona, unayemwita Mchoma Nyumba. Atakuja, atapanda stuli, atafungua kiboksi, ataona kilichomo. Na mdomo wake unaujua. Mpaka jioni mtaa mzima umeshaelezwa."

"Hakanyagi nyumbani kwangu!"

"Basi isife."

Tukatazamana. Akaufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto juu ya goti, kama anamzuia mtoto asiongee mbele za watu.

"Nyumba itakuwa kubwa," alisema.

"Vyumba viwili, Baba."

"Najua ninachosema."

Nilitaka nitoke humo bafuni, nitoke hata nyumbani, nitoke wakati huo huo na viatu vya kuogea, na nilitaka pia asiinuke kamwe pale kwenye ndoo.

"Gari lako Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi nitaoga saa kumi na moja. Mwenyewe. Wewe ulale."

"Sawa."

Nikangoja asogee nipite. Hakusogea. Maji yalikuwa yamenipenya suruali yote, na tulikaa hivyo hivyo, yeye juu ya ndoo, mimi chini, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kusimama.