Saa Nane Kamili

Wino haushiki kwenye karatasi yenye unyevu. Ndiyo maana, katika chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, wafanyakazi wote walikuwa wakiandika lebo kabla ya kuingiza vifurushi kwenye mashine ya mvuke. Kanuni ilisema ziandikwe baada. Msimamizi wa chumba aliijua kanuni hiyo vizuri. Yeye ndiye aliyeibandika ukutani.

Siku hiyo aliandika lebo kumi na mbili, akatia sahihi, akaweka muda ambao mashine ingemaliza: saa nane kamili. Alibonyeza kitufe, na saa saba na robo akaondoka. Vifurushi angevitoa mwenzake wa zamu ya mchana, ambaye hospitali nzima ilimwita Kesho, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake la kila ombi.

Saa nane na dakika ishirini msimamizi alikuwa katika duka la vifaa vya ujenzi na dada wa mumewe, aliyeshika vitasa viwili.

"Cha duara au cha mpini?"

"Cha duara."

"Mama atakifunguaje, na vidole vyake vile?"

"Basi cha mpini."

"Wifi, kama ndivyo ulivyomchagua kaka yangu, sasa nimeelewa mengi."

Taa zilizimika, zikawaka tena. Muuzaji hakuinua hata macho. "Umeme ndivyo ulivyo tangu saa saba na nusu," alisema. "Unakatika, unarudi."

Msimamizi aliacha kusikiliza. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, mashine ya mvuke husimama na haijiwashi yenyewe. Kuna taa nyekundu ya kuonya, lakini balbu yake iliungua mwezi uliopita. Fomu ya kuomba balbu ilikuwa kwenye droo yake, haijajazwa.

Alimpigia Kesho.

"Vifurushi umeshavitoa?"

"Zamani, bosi. Viko kwenye rafu."

"Hebu angalia utepe."

Kila kifurushi kilifungwa kwa utepe wenye mistari myeupe, ambayo joto likitosha hugeuka myeusi. Alisikia viatu vya Kesho vikiburuzika sakafuni.

"Mistari bado myeupe," Kesho alisema. "Vifurushi vyote kumi."

"Vilikuwa kumi na viwili."

"Viwili vimepelekwa juu, chumba cha upasuaji. Wamevichukua sasa hivi."

"Na hukuangalia utepe?"

"Niliona sahihi yako."

Hakusema kwa kejeli. Kwa miaka tisa sahihi hiyo ilikuwa imetosha.

"Sikiliza," Kesho aliendelea kwa sauti ya chini. "Nipande nivibadilishe. Nitasema nilikosea namba. Nani atajua?"

Ngazi zilikuwa ghorofa mbili: dakika tatu kwa mtu mwenye haraka, na Kesho hakuwa mtu huyo. Simu ilihitaji sekunde kumi. Alikata, akapiga simu chumba cha upasuaji.

"Vifurushi viwili vya saa nane," alimwambia muuguzi mkuu. "Msivitumie. Havijapata joto."

Simu iliwekwa juu ya kitu cha chuma. Wifi yake alikuwa akimtazama, vitasa bado mikononi. Msimamizi alitembea hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Kimoja kilishafunguliwa," muuguzi alisema hatimaye.

"Kimetumika?"

"Daktari alikuwa anavaa glavu. Hapa pameandikwa saa nane kamili, na sahihi ni yako. Saa nane ulikuwa wapi?"

"Dukani."

"Dukani unafanya nini?"

"Nachagua vitasa."

Muuguzi hakucheka. "Mganga mkuu atakutaka kesho asubuhi, saa nne. Mgonjwa anasubiri hapa, kwa hiyo lete vingine."

"Wifi, kipi sasa?"

"Cha mpini," alisema, akiwa tayari barabarani.

Hospitalini alifungua akiba ya dharura, akakagua utepe wa vifurushi viwili, mstari kwa mstari, akavipandisha mwenyewe, akashuka na vile viwili vya kwanza. Kisha akafunga upya kilichofunguliwa, akabandika lebo mpya zisizoandikwa, akarudisha vyote kumi na viwili kwenye mashine, akasimama mbele yake hadi ikamaliza. Kesho alimletea kiti, hakukikalia.

Alipovitoa, mistari yote ya utepe ilikuwa myeusi. Alijaribu kuandika lebo ya kwanza, wino ukatawanyika. Aliweka kalamu chini, akatazama saa ya ukutani, akangoja karatasi ikauke.

Ilichukua dakika sita. Katika miaka tisa, hakuna aliyewahi kuzipima.