Dawa ya Kahawa kwenye Matumbawe

Mimi ni mtu wa Nkubu, bahari na mimi hatujuani. Lakini mume wangu Mbaabu alikuwa mzamiaji Malindi hadi alipoumia uti wa mgongo, akaletwa nyumbani Meru akiwa hawezi hata kukaa. Alichoomba ni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili, konokono na matumbawe, liwekwe mbele ya kitanda. Maumivu yakimzidi, aliyatazama matumbawe yakifunguka na kusema, "Kathure, hayo yakiishi, na mimi nitajaribu." Basi hata mimi nikayaheshimu.

Halafu mwani ukaingia. Ulianza kama vumbi la kahawia kwenye kioo, ukafuata wa kijani, mrefu kama nywele, ukayakaba matumbawe. Mwingine ulikuwa mwekundu, wa utelezi.

"Uguse," Mbaabu aliniamuru kutoka kitandani. "Ukibanduka kama utando wa maziwa, unyonye kwa mpira wa maji. Huo wa nywele ung'oe, halafu usugue jiwe."

Nikasugua kwa mswaki mpaka vidole vikachubuka. Tukapunguza taa, nikabadilisha maji, nikamkataza mama yake, Ciakuthii, kuwatupia samaki vipande vya nyama, maana chakula kikioza ndicho mbolea ya mwani. Mama alinuna. Kwake huo ulikuwa uchoyo wangu tu.

"Kwani hii kitu haina dawa?" aliuliza kila asubuhi.

"Haina, mama. Ni kuvumilia tu," Mbaabu akamjibu.

Kuvumilia! Mama amepulizia kahawa dawa maisha yake yote. Siku niliyokwenda stendi kupokea chumvi ya tangi kutoka Nairobi, Mbaabu akiwa amelala kwa vidonge vya maumivu, mama alikoroga ile dawa ya buluu ya kahawa, yenye shaba, akaimimina yote ndani.

Nilimkuta akiimba wimbo wa kanisa. "Kuja uone, Kathure! Hii majani itakufa yote."

Ikafa kweli. Kufikia Jumapili mwani ulikuwa umeoza, lakini konokono walikuwa wamelala chini wakinuka, samaki wote wawili wameelea, na matumbawe yamebaki mifupa myeupe. Mbaabu alisema shaba imeshaingia ndani ya mawe, na lolote tutakaloweka humo litakufa. Nilikasirika. Nilitaka kumfukuza yule mwanamke arudi kwa kahawa yake.

Aliingia na kikombe cha uji, akainamia kioo. "Ona vile maji imekuwa safi, mwanangu. Umefurahi?"

"Nimefurahi, mama. Asante sana," Mbaabu akamjibu.

Akatoka akicheka. Nilifungua mdomo nimfuate, Mbaabu akanishika mkono.

"Usimwambie," akasema. "Nikifa, asije akafikiri ni yeye."