Karatasi ya Ukingo Mweusi

Taa ya kijani ilizimika saa tatu asubuhi, Nevena akiwa na unga hadi viwikoni. Hakushtuka. Alidhani umeme umeanza vituko vyake, mpaka aliposikia jokofu likikoroma kama kawaida. Ni ile ruta tu, kisanduku cha intaneti kilichokaa juu ya kabati miaka kumi na moja, iliyokuwa imenyamaza. Akaishika adapta yake pale ukutani. Ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua.

Siku nyingine angesema potelea mbali. Lakini leo saa kumi alasiri kwa saa za huku, kule Dublin, mjukuu wake Kaloyan angetandikiwa kitambaa cheupe atembee hadi kwenye meza ya vitu: sega, kalamu, mkasi, kijiko. Kwa mila yao, atakachokishika kwanza ndicho kionyeshacho kazi yake ya utu uzima. Mkate wa siku hiyo ya hatua za kwanza hukandwa na bibi, na bibi ndiye huubingirisha sakafuni mtoto anapong'oa mguu. Nevena angeubingirisha hapa mjini Ruse, jikoni kwake, mbele ya kompyuta. Angalau ndivyo walivyokubaliana na binti yake Gergana.

Dukani, muuzaji aliigeuza adapta mara mbili kama anayekagua samaki wa jana. "Mama, hizi hazitengenezwi tena. Chukua ruta mpya, fundi atakuja Jumatatu."

"Jumatatu mtoto atakuwa anakimbia," alisema Nevena, akaondoka zake.

Mzee Prodan wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa fundi umeme wa mabasi yaendayo kwa nyaya za juu, aliisoma kwa lenzi. "Volti kumi na mbili. Ampea moja na nusu, isipungue. Na hii ncha, chanya iko ndani. Usichomeke yoyote tu, utaiua na ruta." Akainua macho. "Si Penka anayo kama hii? Mlifungiwa intaneti siku moja. Mafundi mliwalisha keki pamoja."

"Penka simjui."

"Umekaa chini yake miaka thelathini."

"Simjui tangu aniloweshe dari."

Prodan akamrudishia adapta. Naye Nevena alijua tangu saa tatu kwamba adapta pacha wa hii yake ilikuwa juu ya kichwa chake, hatua kumi na sita za ngazi. Miaka minne hawakuwa wamesalimiana, kisa doa la maji lenye ukubwa wa sahani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha Nevena kilikuwa juu, na kupanda ndiko kulikomshinda.

Akaamua kuwaomba majirani wote kwa mpigo. Karatasi nyumbani hazikuwepo, ila zile tupu zilizobaki za matangazo ya kumbukumbu ya marehemu mumewe, Metodi. Karatasi ni karatasi. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa ili wajue pa kuileta adapta, nambari ya mlango, kisha kwa herufi ndogo habari za volti na ncha. Akaibandika kwenye mlango wa chini wa jengo, mahali panapobandikwa matangazo yote, akarudi kuutia mkate motoni.

Ukingo mweusi uliozizunguka karatasi zile, alama ya tangazo la kifo, hakuukumbuka. Na katika jengo lile la wastaafu hakuna ashukaye ngazi na miwani.

Saa nane kengele ililia. Alipofungua, akawakuta mume na mke wa ghorofa ya pili wamevaa nguo nyeusi, mke kashika bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula cha matanga. Mke alipiga ishara ya msalaba. Mume alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Nani kafa?" aliuliza Nevena.

"Wewe," alisema mume.

Nyuma yao walikuwa wanapanda wengine. Prodan, aliyeisoma karatasi kwa lenzi yake, alikuja akicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Ndipo zikasikika hatua kutoka juu. Penka alishuka na maua manne ya karnesheni mkononi, idadi shufwa, kama yanavyostahili maiti, maana walio hai hupewa witiri; uso umevimba kwa kilio. Alimwona Nevena amesimama na aproni, akaganda.

"Mwanamke wewe," alisema, "nimelia tangu saa saba."

"Sikukutuma."

"Nimemwambia Mungu mengi mazuri juu yako. Sasa nitayarudishaje?"

Akageuka kupanda. Nevena aliutazama mgongo ule. Mtu aliyeninunia miaka minne, aliwaza, kumbe alikuwa na machozi ya saa nzima kwa ajili yangu. Furaha ikampanda ghafla, furaha ya mtu aliyehudhuria msiba wake mwenyewe na kukuta anapendwa.

"Penka," aliita. "Ile adapta yako inafanya kazi?"

Penka alisimama. "Ya siku ya keki?"

"Hiyo hiyo. Naomba uniazime. Kaloyan anatembea saa kumi."

"Na hukupanda kuniambia?" Hakungoja jibu. Zilisikika hatua kumi na sita, mlango, kisha hatua kumi na sita tena, za haraka. Alikuwa ameichomoa kwenye ruta yake mwenyewe.

Prodan aliikagua, akaichomeka. Taa ya kijani ikawaka. Kufikia saa kumi jikoni mlikuwa mmejaa watu wa nguo nyeusi, na Gergana alipotokea kwenye kioo cha kompyuta aliuliza kwa woga nani kafa.

"Mimi," alisema Nevena. "Mlete mtoto."

Akaubingirisha mkate. Ulikwenda mpaka miguuni kwa Penka. Kule Dublin, Kaloyan aliyumba juu ya kitambaa cheupe, akaipita kalamu, akaipita sega, akaja moja kwa moja kwenye kioo. Kiganja chake kikaifunika kamera, giza tupu. Prodan akanyoosha mkono kuitikisa adapta. Nevena akaupiga ule mkono.

"Usiguse. Ni yeye huyo."

Jioni walipotawanyika, waliokuwa na bakuli tupu wakijifuta midomo, Penka alibaki mlangoni. Maua yalikuwa kwenye gudulia la achari. Nevena alichomoa moja, akamnyooshea.

"Manne ni ya wafu," alisema. "Hapa yanabaki matatu. Na lako ni moja, witiri vilevile."